Mstari Usio kwenye Facture ya Carlos

Sheria inampa afisa wa upelelezi, OPJ, saa arobaini na nane. Florent, mkulima wa Kibumba, alikabidhiwa polisi Jumanne saa kumi alasiri. Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Saa kumi ikifika, mtu huyu ama anapanda jeep kwenda kwa parquet, kwa waendesha mashtaka, na kutoka huko gerezani, ama anarudi kwake kulima. Katikati hakuna mahali pa kukaa.

OPJ Kasoki alifungua faili. Alikuwa mwanamke wa Butembo, miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii ya polisi, kumi na minne kati yake hapa Goma. Faili lilikuwa jembamba: malalamiko ya mkandarasi anayeitwa Carlos, karatasi ya kukamatwa, na facture, hati ya malipo, ya dola 4,455. Kwa maneno ya Carlos, Jumanne asubuhi Florent alikata kwa jembe kebo ya mtandao inayotoka Goma kwenda Rutshuru. Facture ilikuwa ya kuitengeneza, na Carlos alitaka mkulima ashitakiwe kwa kiasi hicho chote.

Sakafuni kulikuwa na jembe, na kipande cha kebo cha urefu wa mkono. Kasoki aliinama akakishika. Upande mmoja ulikuwa umekatwa sawasawa, kama kwa msumeno. Upande wa pili ulikuwa umevutika, ganda limeraruka, nyuzi za njano za ndani zimetoka kama mizizi ya kitunguu. Akakirudisha chini. Jembe butu nalo huvuta. Hilo peke yake halikutosha.

"Papa Florent. Mardi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku Goma, mama."

"Goma fasi gani?"

"Majengo. Kwa shemeji."

"Shemeji anaitwa nani?"

Florent aliangalia jembe. "Ana jina."

"Nasikiliza."

"Limenipotea kidogo."

Kasoki aliandika: amesahau jina la shemeji.

"Jembe hii ni yako?"

"Ni yangu. Lakini majembe yote ya Kibumba iko hivi."

"Câble ulikata?"

"Hapana."

"Nani alikata?"

"Mimi sina neno, mama. Nilikuwa Majengo."

"Simu yako iko wapi?"

"Sina simu."

"Hapa kwenye karatasi askari aliandika namba yako."

"Ilikuwa ya zamani."

Uongo wa tatu, na saa nne haijafika. Kasoki aliufunga mdomo wa kalamu. Alikuwa ameona waongo wengi kwenye benchi hilo. Wenye mazoea huja na shemeji kamili, mwenye jina na mtaa na ugonjwa wa sukari. Huyu hakuwa na mazoea. Ila kutojua kudanganya si kutokuwa na hatia, na hakimu angesoma yale yale aliyoyaandika: alikana kuwapo, akashindwa kuthibitisha.

Kamanda wa kituo alichungulia mlangoni, kijiti cha meno mdomoni.

"Mama Kasoki, huyo bado tu?"

"Bado."

"Mwenye kulalamika amelipa mafuta ya jeep. Saa kumi inatoka."

"Malalamiko yanadai dola elfu nne mia nne hamsini na tano. Lazima nihakikishe hesabu kabla ya kuituma."

"Hesabu ni hesabu. Imeshajumlishwa."

"Nitaenda kuuliza."

Kamanda aliinua mabega akaondoka. Florent alikuwa anatazama jembe lake tu, namna mtu anavyotazama mbuzi wake aliyefungwa kwa jirani.

*

Kampuni yenye kebo ilikuwa na ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kazi ya Charline ilikuwa kukagua facture za wakandarasi kabla hazijalipwa. Alikuwa mhandisi wa miaka thelathini na kitu, na juu ya meza yake kulikuwa na maandazi mawili kwenye karatasi na rundo la faili lililokuwa refu kuliko chupa ya chai.

"Kaa, mama OPJ. Umekuja juu ya Kibumba."

"Nisomee hii facture kama unamusomea mutu wa sokoni."

Charline aliivuta. Aliisoma bila haraka, kalamu ikishuka mstari kwa mstari.

"Kufika na kikosi na gari: trois cent cinquante, dola mia tatu na hamsini. Ile analipwa hata akikuta hakuna kazi. Kuchimba: mita tisini, mita moja dola kumi na nane, inafanya 1,620. Câble mpya mita mia, dola tatu tatu. Masanduku mawili ya kufungia maungio, kila moja mia na makumi ine. Kuunga nyuzi: ndani ya câble kuna nyuzi makumi ine na nane. Unakata kipande kibaya kwa msumeno, unatia kizuri, kwa hiyo unaunga pande mbili. Mara tisini na sita, kila mara dola tisa."

"Uzi mmoja dola tisa?"

"Ni mwembamba kama unywele, mama. Mukono ukitetemeka unaanza upya. Halafu jaribio la mwisho, mia na hamsini. Jumla 3,564. Juu yake vingt-cinq pour cent, robo nzima, kwa sababu alikuja siku ile ile. Ndiyo inafika 4,455."

Kasoki alirudisha kidole juu. "Kuchimba dola kumi na nane. Ni bei ya kila mahali?"

"Hapana. Udongo ni dola ine. Mawe ndiyo kumi na nane."

"Ameandika mawe."

"Ameandika mawe."

"Jembe linakata câble ndani ya mawe?"

Kasoki aliuliza taratibu. Kama kebo ilikuwa imelala chini ya mwamba wa volkano, mita moja chini, hakuna mkulima anayeifikia kwa jembe, na jambo lingekuwa limekwisha hapo hapo. Lakini Charline alikuwa anatikisa kichwa.

"Usiegemee hapo, utaanguka. Mukandarasi wa Goma anaandika mawe hata kama amechimba ndani ya gunia ya unga. Huku mujini ni kweli, tunakaa juu ya lava. Wamezoea. Wanapanda mpaka Kibumba, kwa watu wa sombe na shu, udongo wa mboga, bado mawe. Nani atapanda na mita kwenda kupima? Mimi niko peke yangu na wakandarasi kumi na mmoja."

"Na unalipa."

"Napunguza kidogo. Wanajua nitapunguza, wanaongeza kidogo. Ndiyo tunaishi."

Njia hiyo ikafungwa. Kasoki aliisoma tena karatasi. Chini, muuza magodoro alikuwa anagombana na mtu juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, lililofunga mlango wake.

"Hii câble ni ya kilometa ngapi, Goma mpaka Rutshuru?"

"Sabini na kitu."

"Ikikatika, wanajuaje imekatikia wapi?"

"Kuna machine. Unaifunga ku mwisho wa uzi, inatuma mwanga. Fasi uzi umekatika mwanga unarudi, inakuandikia kilometa na mita."

"Hiyo ni ya bure?"

"Ya bure? Carlos?" Charline alitabasamu. "Inaitwa localisation. Dola mia mbili na ishirini."

"Nionyeshe hapa."

Kalamu ilishuka. Ikapanda. Ikashuka tena polepole zaidi.

"Haiko," Charline alisema.

"Labda amesahau."

"Mama OPJ, mwaka jana huyu mutu alitulipisha sabuni ya kunawa mikono. Na taulo." Aliinuka, akavuta faili saba kutoka kwenye rundo. Kazi saba za Carlos. Walizifungua moja baada ya nyingine. Kila facture ilikuwa na mstari wa localisation, na nyuma ya kila facture karatasi ya machine imebanwa, yenye saa na kilometa. "Bila hii karatasi huo mstari hatulipi. Mawe unaweza kuandika, machine huwezi kuifundisha kusema uongo."

"Kwa hiyo Mardi hakutumia machine."

"Ndiyo maana yake."

"Mtandao ulikatika saa ngapi?"

Charline aligeuza skrini. "Saa tatu na dakika tano asubuhi."

"Carlos alifika saa ngapi?"

"Alinipigia saa ine kasoro robo. Akasema: niko juu yake, nipe ruhusa nianze."

"Dakika makumi ine. Barabara yenyewe inataka ngapi?"

"Kutoka hapa mpaka pale? Makumi ine, kama lori hazijafunga." Charline aliacha kutafuna. "Alienda moja kwa moja. Kilometa sabini, na yeye alienda moja kwa moja."

Kasoki alichukua daftari lake, akaandika mistari miwili. Alikata mwenyewe. Chini yake: ama aliambiwa.

"Kwa kawaida," akauliza, "mukandarasi anaweza kukata ili alipwe kutengeneza?"

"Inasemwa. Sijawahi kumushika mutu."

"Huyu Carlos anafaidika nini kama ni jembe la mutu lililokata?"

"Anafaidika yote." Charline alisema hivyo kama anayesema bei ya chumvi. "Hiyo câble ni yeye aliyeilaza, miezi kumi na mine iliyopita. Iko ndani ya garantie ya miaka mbili. Kama imekatika yenyewe, kwa sababu ya mvua ama hakuichimbia vizuri, anatengeneza bure, mpaka mafuta ya gari ni yake. Kama mutu ameikata, tunalipa kila mstari. Lakini lazima alete jina la mutu na karatasi ya polisi. Ni mkataba."

Karatasi ya polisi ilikuwa ndani ya mfuko wa Kasoki. Ilikuwa na sahihi yake mwenyewe ya kupokea malalamiko.

*

Pikipiki ilimfikisha Kibumba saa sita na nusu. Barabara ilikuwa imechoka, vumbi jeusi, malori yamepakia magogo na watu juu ya magogo. Mbali kidogo na njia kuu, kwenye mteremko, wanawake walikuwa wanapanga kabichi kwenye vikapu. Aliuliza nani mke wa Florent. Mmoja alinyoosha mgongo.

"Ni mimi. Philomène."

"Mimi ni OPJ Kasoki. Nataka kuona fasi câble ilikatika."

Philomène alifuta mikono kwenye kitenge, akatangulia. Hapakuwa mbali. Njia nyembamba ya chukudu ilishuka kutoka mashambani kwenda barabarani, imechimbwa na magurudumu ya mbao, na hapo katikati udongo ulikuwa mpya. Pembeni ilisimama nguzo fupi ya saruji, borne, imepakwa rangi ya chungwa na kuandikwa namba ya simu: ukiona hatari, piga hapa.

Kasoki alipiga magoti juu ya kile ambacho facture iliita mawe. Alitia vidole. Udongo ulikuwa laini, mweusi, wa kupanda karoti. Alizamisha mkono mpaka kifundo, akagusa kebo mpya. Kifundo cha mkono, si mita moja. Akatembea hatua ishirini akajaribu tena, nje ya sehemu iliyotengenezwa, kwenye kebo ya zamani. Kifundo cha mkono hata huko.

"Mardi Florent alikuwa hapa?"

"Alikuwa Majengo, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa dada yake."

"Yeye amesema kwa shemeji."

Philomène alifikiri. "Familia ni kubwa."

"Mama Philomène, saa kumi jeep inamupeleka kwa parquet. Sasa ni saa saba. Nikirudi na hiyo Majengo yenu, anaenda."

Wanawake wengine walikuwa wamesogea. Mikono yao iliendelea kubandua majani mabovu ya kabichi.

Kasoki alielekeza kidole kwenye borne. "Nani hapa alipiga hii namba?"

Mikono ikasimama.

Alisubiri. Kazi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa hiyo, kusubiri huku umesimama kama mtu asiye na haraka. Mwishowe mwanamke mzee mwenye kilemba cha kijani akamwambia Philomène, kwa sauti ya chini, "Umwambie. Amekwisha kuijua."

"Mvua ya Dimanche, siku ya kanisa, ilichukua udongo," Philomène alisema. "Mardi asubuhi Florent anashuka kulima, anakuta câble iko inje, imelala ku njia. Akasoma namba. Akapiga. Ya kwanza hapana kujibu. Ya pili mutu akajibu. Florent akamwambia: kujeni mufunike, leo ni siku ya soko, chukudu zitapita hapa na makaa. Yule mutu akasema sawa, tutakuja."

"Walikuja?"

"Balikuja ilipokwisha kukatika. Chukudu moja ilishuka na magunia tano, câble ikakamata gurudumu la mbele. Ikavuta, ikavuta, mpaka ikapasuka. Magunia yakalala chini. Mwenye chukudu akayainua, akaenda. Nani atabaki?"

"Halafu?"

"Halafu gari ikafika. Batu balishuka, neno ya kwanza baliuliza: nani alipiga simu asubuhi? Florent akainua mukono." Philomène aliinua wake, nusu, akaushusha. "Alidhani banataka kumupa kitu kidogo ya aksanti. Balichukua jembe ku mukono wake, balimuita mwizi. Baada ya pale tukapatana hapa wote: hapana mutu alipiga simu, Florent alikuwa Majengo. Tuliona kama simu ndiyo ilimutia mu matata."

"Iko wapi?"

Simu ilikuwa ndani ya gunia la maharagwe, nyumbani, chini kabisa. Florent alikuwa ameidondosha kwenye majani walipomshika, na mwanamke mwenye kilemba akaikanyaga kwa mguu mpaka wakaondoka. Kasoki aliiwasha. Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi: haikupokelewa. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne: dakika mbili, sekunde arobaini. Namba ilikuwa ile ya borne, tarakimu kwa tarakimu.

Charline alikuwa amesema saa tatu na dakika tano.

Kasoki alifungua daftari, akafuta mstari wa kwanza, ule wa alikata mwenyewe. Alikuwa ameupenda kidogo. Ungekuwa na mtu mbaya ndani yake.

"Panda nyuma ya pikipiki ingine," alimwambia Philomène. "Unakuja kusema haya mbele yangu na unatia kidole."

*

Carlos aliitikia wito saa tisa na dakika kumi. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, simu mbili kwenye mshipi. Alimsalimia Kasoki kwa kuinama kidogo, akamwita mama, akauliza hali ya watoto. Akaketi bila kuangalia chumba cha pili ambako Philomène alikuwa anangoja.

"Hesabu imekusumbua, mama?"

"Kidogo. Kuna mstari haupo."

"Ni shida ya facture zote, mistari inakuwa mingi, si kupungua."

"Localisation."

Carlos alitabasamu bila kuchelewa. "Nilisahau."

"Ni dola mia mbili na ishirini. Kalamu hii hapa. Andika, uweke sahihi, nitie ndani ya faili."

"Si kitu, niwasamehe."

"Facture saba kabla ya hii hukuwasamehe. Uliwasamehe hata taulo?"

"Umekwisha kwenda kwa Charline."

"Nimekwisha. Andika, halafu unipe karatasi ya machine ya Mardi."

Hakuchukua kalamu. Alifungua mkono wake juu ya goti, akaufunga.

"Machine ilikuwa na kikosi kingine kule Sake."

"Kwa hiyo ulijuaje kilometa?"

"Uzoefu. Ile câble naijua, ni mimi nililaza."

"Kilometa sabini. Ulienda kwa uzoefu, dakika makumi ine, ukasimama mbele ya Florent."

"Mungu alisaidia."

Kasoki aliweka simu ya Florent mezani, skrini juu. Hakuinua sauti na hakusogea. "Namba ya borne iko mukononi mwa nani?"

Carlos alisoma skrini. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maandishi yalivyohitaji.

"Watu wengi wanapiga ile namba. Walevi, watoto, wanawake wanaotafuta kazi."

"Dakika mbili na sekunde makumi ine. Mulevi wa saa kumi na mbili asubuhi alisema nini wakati wote huo?"

Carlos aliisukuma simu pembeni.

"Alisema câble iko inje. Alisema leo ni soko, chukudu zitapita. Ulimwambia sawa, tutakuja. Mke wake ameshuhudia, na mama wengine sita Kibumba. Saa tatu baadaye ikakatika. Na mimi nimetia mukono ndani ya mawe yako, Papa Carlos. Mukono umeingia mpaka hapa." Alimwonyesha kifundo.

Carlos alivua simu moja kwenye mshipi, akaizima, akairudisha. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshikwa. Ilikuwa ya mtu anayemweleza mteja bei.

"Unajua nililaza ile câble kwa dola ngapi mita moja? Sita. Mwenzangu aliweka saba, mwingine saba na nusu, mimi nikaweka sita, nikapewa kazi. Kuchimba mita moja kwenda chini ni dola ine kama udongo ni mzuri. Mchanga, nguzo, vijana, barrière za njiani za kulipia, na chakula. Kwa sita huchimbi mita moja, mama. Unakwaruza. Charline anajua, mkubwa wake anajua, wote wanachukua wa bei ya chini, halafu wanaandika mita moja kwenye mkataba."

"Na faida?"

"Kulaza hakuna faida. Faida iko ku kutengeneza. Wote tunafanya hesabu hivyo: hapa napoteza, kule nitarudisha. Lakini ikikatika ndani ya garantie, hakuna kurudisha. Niko na wafanyakazi kumi na moja. Huu ni mwezi wa tatu sijawalipa."

"Kwa nini hukuenda saa kumi na mbili, ukafunika tu?"

"Kufunika hakuna mstari," Carlos alisema. "Ningechoma mafuta, niweke vijana wane, nirudi. Nani ananilipa? Nikasema labda itashinda mpaka kesho."

"Haikushinda."

"Haikushinda. Nikahitaji mutu. Alikuwa amesimama pale na jembe. Ameinua mukono mwenyewe."

Kasoki aliandika maneno hayo yalivyotoka. Akageuza karatasi upande wa Carlos.

"Hii ni kauli yako. Ile ya pili ni ya kuondoa malalamiko. Ukikataa kuweka sahihi, naituma kauli, simu, na facture kwa parquet kwa jina lako, na jeep uliyoilipia mafuta inatoka saa kumi hivyo hivyo."

"Nikiweka?"

"Unarudi nyumbani na miguu yako. Kauli inabaki ndani ya faili. Charline atauliza karatasi ya polisi, nami nitamujibu."

"Basi sitalipwa."

"Hilo si la polisi."

Carlos alisoma kurasa zote mbili. Alipofika kwenye neno jembe alisimama kidogo, akaendelea. Aliweka sahihi nzuri, ndefu, yenye mistari miwili chini. Kisha akainuka, akasema aksanti mama, akatoka. Kwenye korido alipishana na kamanda. Kasoki aliwasikia wakinong'ona, halafu viatu vya Carlos vikishuka ngazi.

Kamanda aliingia. "Eti hakuna wa kupeleka?"

"Hakuna."

"Na mafuta?"

"Yako ndani ya jeep. Tembeeni nayo."

*

Florent alitolewa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Philomène alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hawakukumbatiana. Alimtazama mumewe miguu, akaona hana viatu, akavua ndala zake akamsukumia. Yeye akabaki na soksi.

Kasoki alimsomea karatasi ya kuachiliwa. Florent aliandika jina lake herufi moja moja, ulimi umebana kati ya meno. Akapewa jembe. Akapewa simu, akaipokea kwa vidole viwili.

"Shemeji wa Majengo hayuko," Kasoki alisema.

"Hayuko, mama."

"Ungeniambia asubuhi, ungekuwa umelala kwako saa hii."

"Ningekuambia kwamba ni mimi nilipiga?" Florent alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Wale wa kwanza niliwaambia."

Hakuwa na hasira. Kasoki alipanga karatasi zilizokuwa mbele yake, akasema yale yanayosemwa.

"Câble ikitoka tena inje, usipige kwa Carlos. Piga kwa ofisi ya Charline, namba nimekuandikia. Ama kuja hapa kwangu."

"Imekwisha kutoka," Florent alisema. "Fasi mbili. Nilizipita Mardi asubuhi, moja ni mbaya kuliko ile. Mvua moja tu."

"Fasi gani?"

Florent aliweka jembe begani. Mkewe alikuwa amefika mlangoni, akimngoja kwa soksi zake juu ya saruji. Florent aliangalia simu mkononi, akaangalia benchi.

"Sikumbuki, mama," alisema. "Siku ile nilikuwa Majengo."

Walitoka. Kasoki alivuta daftari kubwa la kituo, akatafuta jina, akaandika saa ya kutoka. Kisha akaketi akisikiliza kama wamefika barabarani, na hakumtuma mtu kuwaita.